Kujenga kiunzi na tuta la reli ya mfano katika chumba cha Lamu

Treni ya mfano inapotoka njiani, mjenzi huanza kuyalaumu magurudumu, kisha reli, kisha kiwanda kilichoitengeneza, ilhali mara nyingi kosa liko chini zaidi, kwenye ubao uliopinda au tuta lililokaa vibaya. Mwongozo huu unahusu sehemu hizo mbili tu: kiunzi, yaani fremu ya mbao pamoja na miguu yake inayobeba kila kitu, na tuta, yaani tabaka zinazolala kati ya kiunzi na mataruma ya reli. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejenga Lamu, ambako hewa ya chumvi, unyevu wa masika na vyumba vyembamba vya nyumba za mawe huamua mambo mengi ambayo wajenzi wa Ulaya hawana haja ya kuyafikiria. Anayejenga Malindi atapata nafuu katika kusafirisha mbao, lakini unyevu ni ule ule.

Upana wa njia na umbo la chumba

Lamu haina reli, na Malindi vilevile, kwa hiyo mfano wa karibu wa kuigwa uko Mombasa, na huko njia ni mbili. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ile ya SGR, iliyoanza kubeba abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina milimita 1,435. Katika skeli ya 1:87, yaani kila kipimo kikigawanywa kwa 87, inayojulikana kama HO, SGR inakuwa milimita 16.5, na hiyo ndiyo njia inayopatikana kwa urahisi zaidi kwa wauzaji wa vifaa hivi duniani. Reli ya zamani inakuwa karibu milimita 11.5, na wanaoiiga hutumia njia ya milimita 12, ambayo ni adimu na ghali zaidi. Skeli ya N, yaani 1:160, yenye njia ya milimita 9, huiingiza SGR hiyo hiyo katika nafasi inayokaribia nusu.

Uamuzi huu hutangulia msumeno kwa sababu ndio unaopanga ukubwa wa kona. Katika HO, kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 46 hupitisha injini fupi na mabehewa mafupi. Mabehewa marefu ya abiria yanataka sentimita 60 au zaidi ili yasionekane yakining'inia nje ya njia. Mwenye ndoto ya kuigiza zile injini ndefu za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, akumbuke kwamba injini moja ya aina hiyo ilizidi mita 31, na katika skeli ya 1:87 huwa na urefu wa karibu sentimita 36. Katika N, kona ya sentimita 30 inatosha kwa kazi nyingi. Maelezo yanayofuata yanafuata HO yenye njia ya milimita 16.5 na kona ya sentimita 60.

Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba kwa kuwa dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu. Umbo hilo huwasumbua wenye makochi makubwa, lakini kwa reli ni neema. Mlango wa chumba cha namna hiyo kwa kawaida uko kwenye ukuta mrefu. Basi kiunzi kifuate ukuta mrefu wa pili na kurudi kwenye kuta fupi mbili, kiwe na umbo la U lililoelekea mlangoni. Rafu yenye upana wa sentimita 45 inatosha kwa njia mbili, stesheni ndogo na mandhari kidogo nyuma yake. Isizidi sentimita 70 mahali popote, kwa sababu mkono wa mtu mzima aliyesimama haufiki mbali kuliko hapo bila kuangusha kitu, na behewa lina tabia ya kuanguka pale pasipofikika. Katika pembe mbili ambako njia inapinda, rafu huongezwa kibao cha pembetatu kwa mbele. Haihitajiki meza kubwa.

Kuna faida nyingine katika mpangilio huu. Sakafu ya ghorofani imelala juu ya boriti zinazovuka upana wa chumba, ncha zake zikiwa ndani ya kuta. Kiunzi kinachofuata ukuta mrefu huweka uzito karibu na ncha hizo, mahali palipo imara, wakati meza iliyowekwa katikati ya chumba ingekaa pale ambapo sakafu hutikisika mtu anapopita.

Mbao na unyevu

Saiprasi au paini iliyonyooka inafaa kwa kiunzi. Mbambakofi na mvule ni mbao za milango na samani, na kuzificha chini ya reli ya mfano ni israfu. Pau za mikoko ni imara, ila hazinyooki, na kiunzi kinahitaji pande bapa za kukutanishia. Mvinje, unaolimwa sana pwani, hupinda na kupasuka unapokauka. Uachiwe wajenzi wa mapaa. Mbao zilizopasuliwa na msumeno tu hutofautiana unene kutoka ncha moja hadi nyingine, kwa hiyo ziombwe zipigwe randa pande zote nne, zote kwa kipimo kimoja, kabla ya kulipiwa. Kila ubao ushikwe ncha moja usawa wa jicho na kuangaliwa hadi ncha ya pili: ubao uliopinda kidogo kama upinde unaweza kunyooshwa na fremu, lakini uliojisokota hauna dawa.

Kwa njia yenyewe, yaani ukanda utakaolala chini ya tuta, itafutwe plaiwudi ya milimita 12 yenye tabaka nyingi na isiyo na mashimo ukingoni. Marini bodi inayotumika kumwagia zege ina gundi inayostahimili maji, lakini uso wake unaoteleza hukataa gundi ya mbao mpaka usuguliwe kwa msasa. Emudiefu na chipubodi zisiingie kabisa katika kazi hii, kwani zikishavimba hazirudi.

Ubao mzima wa plaiwudi, futi nane kwa nne, hushuka Mokowe kwa lori, huvuka kwa boti, kisha hukwama kwenye ngazi ya kwanza ya nyumba yenye kona. Ni bora uchanwe dukani kuwa vipande vya upana wa sentimita 60, ambavyo punda au hamali atavifikisha bila kuvivunja pembe, na ambavyo bado vinatosha kukatiwa matao ya kona yakipangwa moja ndani ya jingine.

Wengi hudhani adui wa reli ya mfano katika pwani ni joto. Hesabu inasema vinginevyo. Reli za aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambazo ndizo zinazofaa hapa kwa sababu hazishiki kutu kama chuma, hurefuka kwa chini ya milimita mbili katika mita kumi joto linapopanda kwa digrii kumi za Selsiasi, na chumba cha kuta nene za mawe hakibadiliki joto kwa kiasi hicho kutwa nzima. Unyevu ndio unaofanya kazi kubwa. Ubao hautanuki sana kwa urefu wake, lakini hutanuka na kunywea kukingama nyuzi, na ukinywa maji upande mmoja tu hupinda. Ndiyo maana reli iliyotandazwa vizuri mwezi wa Februari huonekana imejikunja kama nyoka mwezi wa Mei.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, mbao zikaushwe ndani ya chumba kile kile zitakamokaa, zikipangwa kwa tabaka na fito nyembamba katikati ili hewa ipite, hasa kati ya Januari na Machi kaskazi inapovuma na mvua ni chache. Ili kujua zimekauka, kipande kimoja kipimwe kwenye mizani ya dukani kila baada ya siku chache. Kinapoacha kupungua uzito, kimelingana na hewa ya chumba. Pili, kila ubao upakwe vanishi au rangi ya mafuta pande zote sita, pamoja na ncha, kwa sababu ncha hunywa unyevu haraka kuliko uso. Ncha zilizokatwa upya wakati wa kuunganisha zipakwe tena. Kazi hii inachosha na haionekani, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Skrubu ziwe za shaba nyeupe, za chuma kisichoshika kutu au angalau zilizopakwa zinki. Misumari isitumike, kwa kuwa kitu kilichogongomelewa hakirekebishiki. Tundu la skrubu litobolewe kwanza, jembamba kuliko skrubu, na meno ya skrubu yapitishwe kwenye kipande cha mshumaa; sabuni, ambayo mafundi wengi huitumia, huvuta unyevu na kuleta kutu.

Kiunzi

Kiunzi kigawanywe katika vipande visivyozidi mita 1.8, vinavyoshikana kwa boliti, ili siku ya kuhama kipite mlangoni. Kwa rafu ya sentimita 45 njia rahisi ni fremu ya gridi: mbao mbili ndefu za inchi nne kwa moja zilizosimama kwa ubavu, zikiunganishwa na mbao za mkingamo kila baada ya sentimita 40. Skrubu inayoingia kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi zake, haishiki vizuri. Kwa hiyo katika kila kona pawekwe kipande cha inchi mbili kwa mbili, kikipakwa gundi na kufungwa skrubu pande zote mbili. Kabla gundi haijakauka, umbali kutoka pembe hadi pembe ulinganishwe: ukilingana pande zote mbili, fremu ni mraba, usipolingana, fremu isukumwe mpaka ulingane. Matundu ya nyaya yatobolewe sasa hivi, katikati ya kimo cha kila ubao wa mkingamo, kwani baadaye keekee haitapata nafasi.

Mahali penye upana mkubwa, kama kwa atakayepata chumba cha kisasa kikubwa Malindi, unafaa zaidi mhimili wa umbo la L, mtindo ulioenezwa na Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la Marekani la Model Railroader. Ubao wa inchi nne kwa moja husimamishwa kwa ubavu, na juu yake, kwa ukingo mmoja, hulazwa ubao wa inchi mbili kwa moja, vikaunganishwa kwa gundi na skrubu. Mihimili miwili ya namna hiyo hukaa sambamba juu ya miguu, na mbao za mkingamo hulala juu yake, zikifungwa kwa skrubu zinazotoka chini kupitia ule ubao wa inchi mbili. Uzuri wake ni kwamba ubao wa mkingamo unaweza kusogezwa hata baada ya reli kutandazwa, bila kugusa kitu juu. Kwa rafu nyembamba faida hiyo ni ndogo, na gharama ya mbao haina sababu.

Miguu ya inchi mbili kwa mbili hufungwa jozi jozi kwa boliti za milimita nane. Isiwekwe kwenye ncha za fremu bali ndani kidogo, kiasi cha moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha. Kwa kipande cha mita 1.8 hiyo ni sentimita 36. Hapo fremu haizami katikati wala kulegea mwishoni. Kila jozi iwe na ubao wa mshazari, kwani bila huo kiunzi hucheza hata kikiwa kizito. Chini ya kila mguu litobolewe tundu, nati ipachikwe humo, na boliti ya milimita kumi iingizwe kichwa chini: boliti hiyo hurekebisha kimo, na huuinua mguu juu ya maji ya kudekia. Kimo kizuri cha reli kwa mtu mzima aliyesimama ni kati ya sentimita 110 na 120. Penye watoto, 90.

Kuta za nyumba za mawe zisitegemewe. Chokaa yake humeguka inapotobolewa, na mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, hivyo kupigilia plagi katika ukuta wenye zidaka si jambo la kufanya kwa haraka. Tena kuta hizo hazijanyooka. Kiunzi kisimame kwa miguu yake chenyewe, kikifuata uzi ulionyooshwa kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, na kiwe na nafasi ya angalau sentimita nne nyuma yake ili hewa ipite na chumvi ya plasta isiguse mbao.

Kusawazisha chumba kizima kwa pimamaji fupi hukusanya makosa madogo hadi yakawa makubwa. Mafundi uashi wana chombo bora, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji. Baada ya kuhakikisha hauna mapovu, ncha moja ishikwe penye mguu wa kwanza na ya pili ipelekwe penye kila mguu unaofuata; maji yatasimama kimo kimoja kote, na alama ya penseli itawekwa hapo. Boliti za miguu huzungushwa mpaka juu ya fremu ifuate alama hizo.

Njia ya plaiwudi na mwinuko

Plaiwudi isilazwe moja kwa moja juu ya fremu. Ukanda wa njia, wenye upana wa sentimita saba kwa njia moja, uinuliwe juu ya vinguzo vya sentimita nane hadi kumi vinavyofungwa ubavuni mwa mbao za mkingamo. Nafasi inayobaki chini ya reli ndiyo inayoruhusu mkondo wa bahari, mikoko na daraja. Reli iliyolala juu ya meza bapa huonekana hivyo daima, hata ipambwe vipi. Juu ya kila kinguzo kifungwe kibao kidogo, na ukanda ushikwe kwa skrubu zinazotoka chini kupitia kibao hicho. Skrubu inayotoka juu itafunikwa na tuta na haitafikiwa tena.

Vipande viwili vya plaiwudi vinapokutana, chini yake pawekwe kipande kingine cha plaiwudi chenye urefu wa sentimita 20, kwa gundi na skrubu. Maungio yasikae chini ya pointi, pale njia inapogawanyika, wala mwanzoni mwa mwinuko.

Mwinuko mzuri ni asilimia mbili, yaani sentimita mbili kwa kila mita. Asilimia tatu hupunguza idadi ya mabehewa ambayo injini inaweza kuvuta, na kwenye kona hupunguza zaidi. Kuupima hakuhitaji chombo maalumu: ubao ulionyooka wa mita moja huwekwa pimamaji juu yake, na chini ya ncha yake ya upande wa chini hubandikwa kibao cha unene wa sentimita mbili. Ukilazwa juu ya njia na povu likakaa katikati, mwinuko ni asilimia mbili kamili. Kwanza vinguzo vyote vishikwe kwa klampu, mwinuko upimwe, ndipo skrubu zifungwe. Mwanzo wa mlima usiwe na pembe: ukanda uachwe huru kwa takriban sentimita 40, nao utajipinda wenyewe kwa upole kati ya sehemu bapa na sehemu iliyoinuka.

Kwa njia moja kupita juu ya nyingine katika HO, panahitajika karibu sentimita kumi kutoka reli hadi reli, ukihesabu kimo cha treni, plaiwudi na tuta. Kwa asilimia mbili, hizo ni mita tano za kupanda. Katika rafu ya Lamu mita tano ni karibu ukuta mzima, kwa hiyo njia mbili zisizovukana zinapendeza na kutenda kazi vizuri zaidi.

Tuta

Tuta huipa reli umbo la kweli, kingo zikiteremka kama za tuta la kokoto, na hupunguza kelele, kwani plaiwudi tupu huvuma. Koki ya unene wa milimita tano ndiyo inayofaa zaidi. Isipopatikana iliyokatwa tayari, koki ya gasketi kwa wauza vipuri vya magari hufaa ikipandishwa tabaka mbili. Sofutibodi ya dari hufanya kazi hiyo vizuri mahali pakavu, lakini kwetu kingo zake huvimba isipopakwa rangi pande zote. Wapo watakaofikiria ndara zinazookotwa ufukweni, na katika mji ulikozinduliwa mwaka 2018 Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa taka za plastiki na ndara kuukuu, wazo hilo halishangazi. Tatizo ni kwamba sponji hubonyea chini ya kila pini inayoshikilia reli, na reli ikawa na mawimbi. Anayezitumia ashike reli kwa gundi peke yake.

Mstari wa kati uchorwe kwenye plaiwudi kwa kalamu isiyofutika, kona zikichorwa kwa uzi na msumari. Koki hukatwa vipande viwili vyembamba badala ya kimoja kipana, kila kimoja na milimita 22 kwa juu, ukingo wa nje ukikatwa mshazari. Nusu ya kwanza hugandishwa ikifuata mstari, ya pili hugandishwa ikiigusa ya kwanza, na kwa njia hiyo kona hupindika bila mikunjo, tena mstari wa kati hubaki ukionekana kwenye mshono kwa ajili ya kutandazia reli. Maungio ya nusu moja yasikutane na ya nusu nyingine. Yapishane kwa sentimita kumi au zaidi. Gundi nyeupe ya mbao ipakwe nyembamba, koki ikandamizwe kwa vifuko vya mchanga usiku kucha, na mchanga huo uwe umeoshwa chumvi. Chini ya pointi ilazwe koki ya kipande kimoja, isiyo na mshono.

Gundi ikikauka, uso wa tuta usuguliwe kwa msasa uliofungwa kwenye kibao kirefu, si kwa mkono mtupu, kwa sababu vidole hufuata mabonde badala ya kuyaondoa. Chumba kitiwe giza na tochi ilazwe juu ya tuta ikimulika kwa urefu wake: kila tone la gundi na kila mshono ulioinuka utatupa kivuli. Pasuguliwe mpaka vivuli viishe. Pale njia inaposhuka kutoka kwenye tuta hadi kwenye uwanja wa mizigo, ambao kwa kawaida huwa chini kidogo, koki ipunguzwe polepole kwa urefu wa sentimita 30.

Baada ya hapo reli hushikiliwa kwa muda tu, kwa pini chache, zikiachwa nafasi nyembamba kama kadi ya simu kila baada ya mita mbili. Behewa refu kuliko yote lisukumwe kwa kidole kimoja njia nzima, likienda na kurudi, na penye kusita pawekwe alama ya chaki kwenye plaiwudi. Sababu yake itafutwe kwenye tuta kabla ya kuigusa reli. Kokoto zisimwagwe wala kugandishwa mpaka masika moja ipite na nafasi za reli zikaguliwe tena, kwa kuwa hadi wakati huo kila kinguzo bado kinaweza kufunguliwa kwa bisibisi kutoka chini.